Ng'ombe anaburuta mguu baada ya kuchomwa sindano takoni, na damu ya kupima inatolewa wapi? Msaada wakuu

MfugajiMdogo_Meru
Wakuu habari za asubuhi. Nina ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friesian, niko huku Meru. Wiki iliyopita aligoma kula, maziwa yakashuka toka lita 12 mpaka 4, nikapima joto nikakuta 40.8. Afisa mifugo wetu alikuwa safarini nikamwita jamaa wa mtaani huwa anachomachoma mifugo, akaja na oksitetra (antibiotiki) ya asilimia 20 akavuta bomba la kwanza akapiga tako la kulia, akavuta la pili akapiga palepale, yani kama ml 30 zote sehemu moja, ng'ombe akarusha teke mpaka ndoo ikaruka. Leo siku ya nne pamevimba kama embe dodo, pagumu, mguu anauburuta na homa bado ipo. Nataka nijue pa kuchoma ni wapi hasa, na hiyo damu ya kupima wanatoa shingoni au mkiani? Nimeona watu wanafanya tofauti.

BabuKibanio
Pole kijana. Mimi nachoma mapajani tangu 1994 na sijalemaza hata mmoja. Huyo jamaa yako ni papara tu.

DaktariGambuti
Babu shikamoo, umekuwa na bahati. Takoni na nyuma ya paja unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoendesha mguu wote, ukiugonga au dawa ikamwagikia karibu yake ndo hayo ya kuburuta mguu, af oksitetra yenyewe ni kali kwenye nyama.

Mkuu, pa kuchoma ni shingoni. Simama ubavuni, weka kiganja mbele ya bega katikati ya shingo, mifupa ya shingo iwe chini ya kiganja na ule ukano mgumu wa juu uwe juu yake, hapo kinapoenea kiganja ndo penyewe. Ukishaingiza sindano vuta bomba nyuma kidogo kwanza, ukiona damu toa uchome pengine, maana kuna dawa kama penisilini ile nyeupe nzito ikiingia kwenye mshipa wa damu mnyama anaweza kudondoka hapohapo. Na usizidishe ml 10 sehemu moja. Dozi ya hiyo oksitetra ni ml 1 kwa kila kilo 10, ng'ombe wa kilo 300 ni ml 30, sawa, ila zilitakiwa zigawanywe sehemu tatu.

Kinachonikera zaidi ni kuchoma bila kupima. Kama ni ndigana baridi (anaplasma) oksitetra ingemsaidia, kama ni ndigana kali ya kupe (ECF) hiyo haimtibu, anataka dawa ya bupavakwoni. Mpapase tezi chini ya sikio na mbele ya bega, zimevimba?

MfugajiMdogo_Meru
Zimevimba dokta, ya chini ya sikio kama yai la kuku.

DaktariGambuti
Basi nina wasiwasi na ndigana kali. Atolewe sampuli leo, ya damu na ya hiyo tezi. Damu sehemu zote mbili ni sawa, shingoni inatoka nyingi ila mnyama lazima ashikwe kichwa vizuri. Mkiani mi napenda kwa ng'ombe mkubwa, unainua mkia wima kwa mkono mmoja, unashuka kama sentimita 10 hivi toka shinani, unapapasa kijishimo kati ya pingili mbili, katikati kabisa, unaingiza sindano wima mpaka iguse mfupa, unarudisha kidogo unavuta. Kichupa cha kifuniko cha zambarau unakipindua taratibu mara 8 mpaka 10 damu isigande, usikitikise kama soda chembe zitapasuka. Weka kwenye barafu ila damu isigande kwa baridi, na andika namba ya ng'ombe. Lakini hii mwache mtaalamu afanye, wewe shika mkia uone.

MamaMitamba
Wanangu na sindano zenyewe jamani, ng'ombe mkubwa namba 16 au 18, kumbuka namba ikiwa kubwa ndo sindano inakuwa nyembamba, mi nilinunua ya 22 ikapinda ndani ya shingo nikalia. Na kila ng'ombe sindano yake, ndigana baridi inahama kwa damu ya sindano hiyohiyo.

MfugajiMdogo_Meru
Mrejesho wakuu. Alikuja dokta toka mjini, sampuli zikaenda TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, Arusha, ni ndigana kali kweli. Kachomwa bupavakwoni ml 18, kapimwa kwa ile tepu ya kifuani akaonekana kilo 360, zikagawanywa shingoni kulia na kushoto. Kwenye uvimbe kasema nikande kwa maji ya moto. Leo kala pumba debe zima, mguu bado anachechemea. Swali la mwisho, haya maziwa nimpe ndama au nichemshe tunywe?

DaktariGambuti
Usinywe wala usimpe ndama, kuchemsha hakuondoi dawa. Soma kwenye chupa zote mbili siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa, fuata ile ndefu. Chimba shimo umwage.

MfugajiMdogo_Meru
Paka keshakunywa dokta.