Filta ya oili: nitaijuaje iliyo bora kabla ya kuifunga?

Swali
Wakuu, nina filta mbili mkononi. Kimo ni kimoja, unene mmoja, na zote zinaingia kwenye hesi (nyuzi za kukazia) za injini. Moja ni ya bei ya chini sana. Je, ikishaingia vizuri inatosha, au kuna cha kukagua zaidi?

Jibu
Kuingia hakutoshi, mkuu, na hapa ndipo wengi wanapoua injini. Filta yenye hesi za M20×1.5 (upana milimita 20) huingia kwenye injini yenye hesi za inchi 3/4-16 (upana inchi 3/4), kwa sababu inchi 3/4 ni milimita 19.05. Itashika kwa ulegevu, na presha ikipanda inaweza kuchomoka na oili yote ikamwagika. Kwa hiyo anza na namba ya spea: itafute kwa kodi ya injini, yaani herufi na namba za aina ya injini. Jina la gari peke yake halitoshi, maana gari moja huweza kutoka na injini tofauti.

Cha pili ni valvu ya baipasi. Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, valvu hii hufunguka ili injini isikose oili. Ikifunguka mapema mno, oili inapita bila kuchujwa. Ikichelewa, karatasi ya ndani inaweza kuchanika. Kuna injini ambazo valvu hiyo iko kwenye bloku (mwili wa injini), na filta yake haina. Kwa nje huwezi kuona tofauti hiyo hata kidogo.

Jibu
Naongezea. Chungulia kwenye matundu madogo yanayozunguka tundu kubwa la katikati. Utaona mpira: huo unazuia oili isirudi chini ukizima gari. Wa silikoni hubaki laini kwenye joto. Wa nitraili hukakamaa mapema zaidi. Silikoni mara nyingi ni ya rangi ya chungwa au nyekundu, lakini rangi si ushahidi, maana mpira wowote unatiwa rangi. Mpira ukishindwa kazi, injini hugonga kwa sekunde chache ukiwasha asubuhi. Filta iliyofungwa kwa ubavu au mdomo ukitazama chini ndiyo huathirika zaidi. Ile ambayo mdomo wake unatazama juu hubaki na oili yake.

Kuhusu uchujaji, tafuta asilimia ya uchafu unaonaswa pamoja na mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), mfano 99% kwa mikroni 20, kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 4548-12. Maneno “inachuja mikroni 20” bila asilimia hayakwambii kitu.

Vifuniko vya karatasi ngumu huko ndani visikutishe. Gundi iliyoachia na mikunjo iliyolaliana ndiyo mbaya.

Muulizaji
Nimeelewa. Na kufunga je?

Jibu
Hakikisha kwanza mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikutana, oili itavuja kwa kasi. Paka mpira mpya oili safi, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko au kama boksi linavyosema. Spana ni ya kufungulia tu.

Kama ni filta ya kikombe, yaani ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe chenye kifuniko, badilisha na ringi ya mpira, iweke kwenye mfereji wake hasa, na fuata nguvu ya kukaza iliyoandikwa kwenye kifuniko. Nyingi ni 25 Nm (nyutoni-mita). Washa dakika moja, angalia uvujaji, zima, subiri oili ishuke, ndipo upime kiasi cha oili.