Kisu gani cha kwenda nacho Ngozi, Rungwe, Kitulo hadi Matema? Opinel, Mora, Victorinox au cha fundi wa hapa?

Mwana_wa_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Julai tupo watu sita, tunaanzia Mbeya mjini: Ziwa Ngozi kwanza, halafu Mlima Rungwe, tunapanda Kitulo tunalala kule, kisha tunashuka milima ya Livingstone kwa miguu mpaka Matema tukaoge ziwani. Binamu yangu anaishi Ujerumani na kwao huo ndio mwezi wa likizo ya kiangazi, kwa hiyo anakuja kuungana nasi. Ameniuliza alete kisu gani kati ya hivi: Opinel namba 8, Mora Companion, Victorinox yenye msumeno, au Leatherman ile ya plaizi. Mimi huku ninalo panga, na kisu nilichofuliwa na fundi wa Mwanjelwa kwa springi ya Fuso. Sitaki tubebe duka zima. Mliotembea kule mnasemaje? Na tafadhali asije mtu akaniambia "inategemea" akaishia hapo.

Binti_Tukuyu
Kaka, kabla hujachagua chuma jiulize kitakata nini. Safari za huku kisu kinakata parachichi, kitunguu, nyanya, mkate, kamba ya hema, pakiti ya tambi na plasta ya malengelenge. Basi. Kuni usizihesabu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na imehifadhiwa hasa kwa ajili ya maua, ndiyo maana watu wanaiita Bustani ya Mungu. Mle hukati hata kijiti. Rungwe nako ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na wale nyani adimu kipunji wako mle, nani atakuruhusu ufyeke? Mtapikia gesi, au mtanunua kuni kijijini zikiwa zimeshapasuliwa.

Ukishatoa kuni, iliyobaki ni kazi ya jikoni, na jikoni Opinel haina mpinzani kwenye orodha yako. Bapa lake ni sentimita 8.5, jembamba, nyanya inakatika bila kupondeka. Uzito wake ni kama gramu 50 tu. Na shingoni ina pete ya chuma, ukishakifungua unaizungusha, kisu hakiwezi kujikunja kikakurudia vidoleni.

Kasoro yake ni mpini. Ni wa mti, ukinyonya maji unavimba na bapa linang'ang'ania ndani. Msitu wa Ngozi una unyevu hata kiangazi, na ukikilaza kwenye nyasi za Kitulo usiku, asubuhi kucha zako zitakatika kwa kukivuta. Usihangaike na kucha. Kishike kikiwa kimekunjwa, gonga kitako cha mpini kwenye jiwe, bapa linachomoza lenyewe kiasi cha kushikika. Wafaransa wenye kisu chao ndivyo wanavyofanya.

FundiChuma
Dada hapo juu amesema vizuri kuhusu nyanya, lakini amesahau baridi. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai kuna alfajiri unakuta barafu juu ya nyasi. Vidole vimekufa ganzi, hapo uanze kutafuta kijishimo cha kucha, ufungue, uzungushe pete? Mora hakikunjwi. Unakichomoa kwenye ala, umemaliza. Mpini wake ni mnene na una mpira, hata ukivaa glovu unashikika, na ala ni ya plastiki, ikilowa unaikung'uta.

Kitu kingine ni kunoa. Makali ya Mora yamechongwa mteremko mmoja mpana kila upande, moja kwa moja hadi kwenye ncha ya ukali. Ukilaza ule mteremko kwenye jiwe, hakuna kubahatisha pembe, unahisi kabisa umekaa. Mtu asiyewahi kunoa maishani mwake atakinoa. Opinel inataka mkono uliozoea kidogo.

Ila nisidanganye: bapa la Mora ni nene mgongoni. Karoti haikatiki, inapasuka. Kabichi utailaza chini ukiilaani.

Sasa kisu chako cha springi ya Fuso. Springi ni chuma kizuri, hilo halina ubishi. Swali ni fundi alikifanya nini baada ya kukifua. Kama alikipasha moto hadi kikawa chekundu, akakizamisha kwenye oili, halafu akakipasha tena kwa moto mdogo, una kisu cha kukuzika. Kama alikiacha kipoe chenyewe, una kipande cha springi chenye mpini. Pima hivi: chukua tupa, pitisha taratibu kwenye makali. Ikiuma kirahisi kama unasugua msumari, ni laini, kitapoteza makali siku ya kwanza. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu. Kigumu kupita kiasi nacho kibaya, kikianguka kwenye mwamba ncha inaruka.

Mwana_wa_Uyole
FundiChuma, nimetoka kujaribu sasa hivi. Tupa inauma kidogo halafu inateleza. Ndiyo nini?

FundiChuma
Ndiyo inavyotakiwa, mkuu. Huyo fundi anajua kazi. Mpelekee soda.

Mzee_wa_Isimila
Vijana hamjambo. Huku kwetu Iringa, pale Isimila, kuna mawe yaliyochongwa pande zote mbili na watu wa kale, makali hadi leo yanaonekana. Walichinja na kuchuna kwa hayo, na hakuna aliyeuliza kama ni kaboni au stenlesi.

Nimekuja kuongelea panga. Panga liache nyumbani. Kwenye njia ya Ngozi mianzi huanguka ikakata njia, ni kweli, lakini mtakuwa na mwongozaji na kama kuna la kukata atakata yeye anayejua mipaka yake. Halafu Kitulo kuna jambo wageni hawalijui. Kwa miaka mingi watu wamechimba viazi vya okidi kule, kinaka, vinapelekwa Zambia kuliwa. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kuhifadhiwa kwa eneo lile. Sasa wewe uonekane na panga kiunoni, umeinama kwenye maua, unafukua shimo la kigingi cha hema. Utajieleza mpaka jua lizame. Getini sema mna visu vya jikoni, viwe ndani ya begi, mchezo umekwisha.

Na kuhusu mianzi, msiikate kwa kisu mnachokitegemea. Ina chembe ngumu kama mchanga ndani yake, inakula makali. Mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, anakata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, kipande chembamba kama karatasi, na kisu chake hakifanyi kazi nyingine. Mwombe akuazime umenyee viazi uone atakavyokutazama.

Mwana_wa_Uyole
Shikamoo mzee. Panga linabaki. Hilo la kinaka sikulifikiria kabisa.

Kaka_Mafinga
Mbona Leatherman hamuigusi? Mnaongea kama watu wanaokula matunda tu. Sufuria zetu hazina mpini. Uji umechemka, jiko la gesi ni dogo, linayumba, sufuria unalishika na nini? Plaizi. Zipu ya hema imeachia meno, unaibana na nini? Plaizi. Fremu ya begi imechomoka skrubu kilomita kadhaa kabla ya Matema, je? Kisu utakipata ndani ya Leatherman hiyohiyo.

Binti_Tukuyu
Sufuria tunashika na kipande cha kanga kuukuu, kaka, tangu bibi zetu. Leatherman Wave ina karibu robo kilo. Hiyo ni Opinel nne na zaidi, mfukoni, ukipanda Rungwe karibu mita 2,960.

Kaka_Mafinga
Kanga inashika moto wa gesi. Ila kwenye uzito nakupa.

Nesi_wa_Njombe
Samahani nawaingilia. Ninyi mnabishana makali, mimi kwenye msafara huwa nasimamia sanduku la huduma ya kwanza, na kitu kinachoombwa kila mara ni mkasi na kibano. Mkasi wa kukata plasta na bandeji, kibano cha kutoa mwiba. Kwa hiyo Victorinox iwepo, lakini si hiyo yenye msumeno. Msumeno wa nini wakati hukati mti? Kuna inayoitwa Climber, ina mkasi, na kibano kimechomekwa kwenye mpini. Binamu akitaka vyote, msumeno na mkasi, ipo Huntsman, ila ni nene zaidi mfukoni.

Tahadhari moja. Bapa la hizo Victorinox ndogo halina kufuli, linashikiliwa na springi tu. Kukata kwa kuvuta ni sawa. Kuchoma au kutoboa ukisukuma mbele, linaweza kujikunja juu ya vidole vyako. Nimeshona vidole vya namna hiyo. Kutoboa mkanda tumia ile sindano yake ya mgongoni, tena taratibu, maana nayo haina kufuli.

Abiria_wa_Songwe
Binamu akifika Dar atapanda ndege nyingine kuja Songwe au atapanda basi? Kama ni ndege, visu vyote, hata hicho kidogo chenye mkasi, viingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, safari zote mbili. Watu wanapita salama uwanja wa kwanza begi likiwa limesajiliwa, wanafika Dar wanalichukua, wanatoa kisu wamenye chungwa, wanakisahau mfukoni. Ukaguzi wa ndege ya ndani ya nchi unakichukua na hukioni tena. Makali yafungwe kwa kadibodi na gundi ya karatasi, mkaguzi akitia mkono asijikate.

Kama ni basi, kiwe kwenye begi la buti. Usikae nacho kiunoni stendi.

Mwana_wa_Uyole
Anakuja kwa basi, anataka kuona Mikumi na Kitonga njiani. Nitamwambia.

Naona tunaelekea kwenye Victorinox ya mkasi kwa ajili ya sanduku la dawa, hiyo nimeielewa na haina mpinzani. Ubishi umebaki Opinel au Mora. Na je, Opinel ya kaboni au ya stenlesi? Binamu anasema ya kaboni inakata zaidi.

FundiChuma
Ya kaboni inashika makali haraka ukiinoa, ni kweli. Lakini ninyi mtakata ndimu, nyanya na vitunguu halafu mtakitupa kwenye begi lenye umande. Asidi inakigeuza cheusi mchana uleule, na kutu kesho yake. Mweusi si tatizo, kutu ndiyo tatizo. Ukiwa mtu wa kufuta kisu kila ukimaliza na kukipaka tone la mafuta ya kupikia, chukua kaboni. Kwa kundi la watu sita ambapo kila mmoja anadhani mwenzake atafuta, chukua yenye neno INOX kwenye bapa, yaani stenlesi. Mora nayo zipo aina zote mbili, sheria ni ileile.

Binti_Tukuyu
Hapo tumekubaliana. Lakini bado nasema Opinel. Mnatoka hemani saa kumi na mbili alfajiri kukata nini? Chai haikatwi. Mpaka mfike kwenye kumenya viazi jua limeshapanda na vidole vimerudi.

FundiChuma
Kamba ya hema iliyoganda inakatwa saa kumi na mbili alfajiri, dada.

Binti_Tukuyu
Inafunguliwa. Ukikata kamba ya hema kila alfajiri, usiku wa tatu utalala umejifunika begi.

Mzee_wa_Isimila
Mnagombania euro kumi na kitu. Vyote viwili ni visu vya bei ya chini kwao, na ninyi ni watu sita. Kisu kimoja cha jikoni kwa watu sita ni foleni. Mmoja anamenya viazi, mwingine anasubiri kukata vitunguu, jua linazama. Lete Opinel, lete Mora. Hicho cha Fuso kikae Uyole kichinje kuku siku ya kurudi.

Mwana_wa_Uyole
Imepita. Opinel INOX, Mora ya stenlesi, Victorinox ya mkasi kwa nesi wetu. Leatherman abebe Kaka_Mafinga akitaka kuja, na sufuria ashike yeye.

Swali la mwisho: jiwe la kunolea tubebe?

FundiChuma
Kwa safari fupi hapana, kama vimeondoka nyumbani vikiwa vimenolewa. Makali yakififia kidogo, pindua kikombe cha udongo au sahani ya kauri pale mtakapokunywa chai kijijini. Kitakoni kuna duara lisilong'aa, linakwaruza. Pitisha kisu pale taratibu, upande huu mara chache, upande ule mara chache, bila kukandamiza. Omba ruhusa kwanza, vikombe ni vya watu.

Binti_Tukuyu
Na mtakatia juu ya nini? Nawajua, mtakatia juu ya mfuniko wa sufuria, alumini, na kabla ya kufika Matema visu vyote viwili vitakuwa butu mje kulaumu Wasweden waliotengeneza Mora. Chukueni mfuniko wa ndoo ya plastiki ya lita 20. Ni mwepesi, unakaa mgongoni mwa begi bila kuchoma mtu, na unaoshwa kwa maji kidogo.