Vifupisho vya kiwanda cha dawa za seli hai: nianzie wapi?

BintiUsaRiver
Wakuu, habari za jioni. Nilimaliza sayansi ya maabara mwaka jana, sasa nipo nyumbani Usa River. Mwezi ujao naenda nje ya nchi, mafunzo ya miezi sita kwenye kiwanda kinachotengeneza dawa za sindano kwa kutumia seli hai. Wametutumia kabrasha la kurasa 40 na kila mstari una herufi kubwa: GMP, CHO, MCB, WCB, CIP, SIP, WFI, UF/DF, QA, QC, OOS, CAPA. Nimezipanga kialfabeti kwenye daftari, nakariri asubuhi kabla ya kufungua duka la mama, ikifika jioni zimeshachanganyika.

WFI ndiyo inanisumbua zaidi. Wanasema ni maji ya kutengenezea dawa za sindano, na kwamba kuyachemsha tu hakutoshi. Vijidudu vikishakufa, kinabaki nini cha kuogopa?

Njiro_Famasia
Kariri tano tano kwa siku, dada. Na ukikutana na API, usiende kutafuta mtandaoni bila kuongeza neno dawa, utaletewa mambo ya kompyuta. Kwetu ni kile kiambato chenyewe kinachotibu.

MamaTengeru
Mwanangu, hongera. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa nje kabla sijarudi Tengeru, na nakuomba uiache hiyo alfabeti. Fuata dawa inavyosafiri kiwandani, kila kifupisho utakikuta kimekaa mahali pake.

Safari inaanza kwenye mbegu. CHO ni seli zilizotoka kwenye ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Zinakuzwa maabara tangu 1957, na dawa nyingi za kingamwili hutengenezwa nazo. MCB ni akiba mama ya seli hizo, imegandishwa kwenye baridi ya nitrojeni na haiguswi ovyo. Kutoka humo wanatengeneza WCB, akiba ya kazi. Kila bechi mpya, yaani mkupuo mmoja wa dawa, inafungua kichupa cha WCB. Mkulima anayetunza mbegu ya msimu ujao juu ya dari hawezi kuichota kwa ajili ya ugali. Ndivyo MCB inavyoheshimiwa.

Seli zinakwenda kwenye tangi la kukuzia, na hapo ndipo unapokutana na CIP na SIP. Nisikilize vizuri hapa. CIP ni kusafisha tangi na mabomba yake bila kuyafungua. SIP ni kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, kwa kawaida nyuzi 121, nayo bila kufungua. Tangi linaweza kuwa safi linang'aa na bado lina bakteria. Usiku mmoja aliyenikabidhi zamu aliandika CIP kwenye lebo kwa haraka, mimi nikasoma SIP, nikaruhusu chakula cha seli kiingie. Kesho yake jioni oksijeni ilikuwa imeshuka ghafla na majimaji ya tangini yamevurugika, hayaonyeshi. Lita 200 zilimwagwa, nikiwa nimesimama pale naangalia. Tangu siku ile, katika makabidhiano naandika maneno kamili: limeoshwa, halijapigwa mvuke. Nakusihi ufanye hivyo hata wenzako wakikuona mwepesi wa kuogopa.

Baada ya kuvuna ni kusafisha protini. UF inapunguza maji ili protini ikolee. DF inabadilisha maji ya chumvi ambayo protini imo ndani yake. Zinafanyika kwenye mtambo mmoja, ndiyo maana zinaandikwa pamoja.

Sasa WFI. Wewe umezaliwa Usa River, jibu unalo nyumbani. Maji yetu yana floraidi, na tangu utotoni tumeona meno ya watu yalivyogeuka rangi. Je, kuchemsha kunaiondoa? Hapana, maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto kikahangaika na mkaa wa mifupa ili kuichuja. Kwenye dawa adui wa namna hiyo anaitwa endotoksini: vipande vya ganda la nje la bakteria fulani. Bakteria akifa kwa moto, ganda linapasuka na vipande vinaachwa majini. Ukivinywa si tatizo kubwa, lakini vikiingia kwenye damu mgonjwa anapata homa, anatetemeka, presha inaweza kushuka. Kwa hiyo maji yanakenekwa: mvuke unapanda, endotoksini inabaki chini. Kikomo cha WFI ni yuniti 0.25 za endotoksini kwa mililita. Vichupa vya kioo navyo huchomwa kwa joto kavu, mfano nyuzi 250 kwa nusu saa, kwa sababu mvuke wa 121 hauivunji endotoksini inavyotakiwa.

BintiUsaRiver
Shikamoo mama, na pole sana kwa ile bechi. Hilo la floraidi limeniingia, mimi mwenyewe meno yangu ni shahidi. Je, OOS? Matokeo yakitoka nje ya mipaka, si tunapima tena?

FundiSampuli
Mama akiniruhusu nijibu hili. Hapana, hupimi tena na tena mpaka upate namba unayoitaka. Unasimama, unatoa taarifa, mnachunguza kwanza kama kosa ni la maabara: mizani, myeyusho, hesabu. Chanzo kikijulikana ndipo inakuja CAPA: kurekebisha kilichotokea na kuzuia kisirudi. QC ni sisi wenye pipeti. QA ndio wanaosoma kumbukumbu zote na kuamua kama bechi itoke.

MamaTengeru
Marahaba mwanangu. Fundi amesema sawa. GMP, kanuni za utengenezaji bora wa dawa, ndiyo sheria inayowabana wote hao. Hata TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wakikagua kiwanda hapa nyumbani, ndiyo wanayoiangalia.

BintiUsaRiver
Asanteni sana. Nimeanza daftari jipya usiku huu, ukurasa wa kwanza MCB, na CIP na SIP nimeziandika kwa wino wa rangi mbili. Nimefika kwenye kromatografia, ile njia ya kutenganisha protini na uchafu, na nimekwama, kesho nikifunga duka nitauliza.