Naomba ushauri: Katiba ya Marekani ilipata wapi uhalali bila majimbo yote 13?

Wakuu, naomba msaada wa hoja za kisheria hapa.

Mkataba wa Shirikisho uliotangulia Katiba, kifungu cha 13, ulitaka badiliko lolote likubaliwe na mabunge ya majimbo yote. Ndiyo maana Rhode Island ilipokataa ushuru wa forodha wa asilimia 5 mwaka 1782, pendekezo likafa. Februari 1787 ukaitishwa mkutano wa Philadelphia kwa kazi moja tu: kuurekebisha mkataba. Wajumbe wakatoka na katiba mpya kabisa, ambayo ibara yake ya 7 inatosheka na mikutano maalumu ya majimbo 9. La 9, New Hampshire, liliridhia Juni 21, 1788. Rhode Island ikaja Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32, serikali mpya ikiwa kazini zaidi ya mwaka!

Wengi hujibu kwamba mikutano ile ilichaguliwa na wananchi, hivyo ilizidi mabunge. Sawa, ila wananchi wa Rhode Island je? Wengine husema Katiba ilifunga majimbo yaliyoridhia tu. Hili naona lina nguvu zaidi, lakini mkataba ule ulijiita wa kudumu. Nani basi aliuvunja, na kwa mamlaka gani?