Blanketi moja la kikundi kutoka kwa wasokotaji wanane: limekunjamana baada ya kuoshwa

KatibuWaKikundi
Habari wakuu. Kikundi chetu cha kusokota na kufuma kwa mkono kina wasokotaji 8: sita wana gurudumu, wawili wanatumia kijiti cha kusokotea. Kila mwaka tunafuma blanketi moja la sufu na kila mtu anachangia uzi. La mwisho lilikuwa limenyooka likiwa bado kwenye kitanda cha kufumia, lakini lilipooshwa mistari mingine ilisinyaa na mingine ikavimba. Mtande nao (nyuzi za urefu zinazokazwa kitandani) ulikuwa ukikatika sehemu zile zile. Tuliupanga kwa kanda, kila mtu na ukanda wake. Sasa tunataka blanketi la sm 120 kwa 180, vipande viwili vishonwe katikati, maana kitanda chetu cha kufumia kina upana wa sm 80. Tugawane kazi vipi, na tuhitaji uzi kiasi gani?

MtandeKwanza
Hizo kanda ndizo zilizowaponza. Uzi wenye msokoto mwingi ukilowa husinyaa zaidi ya uliolegea. Ukiweka nyuzi 25 za mtu mmoja pamoja, tofauti yote inajikusanya mahali pamoja na kitambaa kinavutika. Nyuzi hizo hizo zikichanganywa, tofauti inamezwa.

Kabla ya yote, kubalianeni juu ya kipimo. Zungusha uzi kwenye rula bila kuuvuta, mizunguko igusane tu, kisha hesabu iliyomo kwenye sm 2.5. Tuseme mnataka 14. Pima uzi uliokwisha kuoshwa na kukauka, kwa sababu ule wa kwenye bobini umenyooshwa na utawadanganya. Kwa msokoto, chukua uzi uliosokotwa sasa hivi, ukunje katikati uachie ujipote wenyewe, halafu funga kipande hicho kwenye kadi. Kila msokotaji awe na kadi yake mbele ya macho akifanya kazi, si kabatini.

Mwelekeo pia uwe mmoja: wote wasokote gurudumu likizunguka kulia na wapote, yaani waunganishe nyuzi mbili kuwa moja, likizunguka kushoto. Akitokea mmoja aliyefanya kinyume, uzi wake utaonekana kama mstari wa kivuli hata kama sufu ni ile ile.

HesabuZaUzi
Nijibu la kiasi. Kufuma na kuosha kwa pamoja ruhusu asilimia 20, kwa hiyo kipande cha sm 60 kwa 180 kinaanza kitandani kikiwa sm 75 kwa 225. Uzi wa mizunguko 14, kwa ufumaji wa kawaida wa juu-chini, unawekwa nyuzi 7 kwa kila sm 2.5, yaani nusu ya mizunguko. Hapo mtande una nyuzi 210.

Urefu: sm 225 mara mbili ni 450, ongeza sm 75 zinazobaki kitandani bila kufumwa na sm 40 za jaribio. Fanyeni mita 6. Mtande ni mita 1,260, mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, kama mita 1,050. Jumla ni karibu mita 2,300, na kwa unene huo ni takriban kilo moja ya uzi. Sufu mbichi hupoteza theluthi hadi nusu ya uzito ikiondolewa mafuta na takataka, kwa hiyo anzeni na kilo mbili.

Msiruke jaribio la sm 40. Likate, lioshe kama mtakavyoosha blanketi, ulipime. Likisinyaa asilimia 25 badala ya 20, bado mna nafasi ya kurekebisha urefu wa vipande.

PotaPole
Naunga mkono vipimo, ila naongeza jambo la kukatika. Mtande wapeni wasokotaji watatu wenye mkono thabiti, mita 420 kila mmoja. Wengine watano wasokote mshindio, mita 210 kila mmoja. Si kuwadharau wanaojifunza. Mtande unasuguliwa na kitana (chanuo la kitandani linalosukuma mshindio) kila pigo, na sehemu nene isiyo na msokoto inaachia hapo hapo. Mshindio haupati msuguano huo.

Sufu yote ioshwe na kuchanwa pamoja kabla ya kugawanywa. Mkigawana ya kondoo tofauti, kadi zote hazitawasaidia.

Wapo wanaopota bobini ya mtu mmoja na ya mwingine ili kusawazisha. Inafanya kazi pale tu misokoto inapokaribiana. Ikitofautiana sana, uzi mmoja unanyooka na mwingine unauzunguka kama mzabibu kwenye nguzo, na uzi wa namna hiyo hukwama kwenye kitana.

Jambo linalosahaulika: kausheni mafungu ya uzi bila kuyaning'iniza uzito. Uzi uliovutwa na uzito unaonekana mzuri, lakini unarudi kwenye urefu wake siku blanketi likiingia majini.

KatibuWaKikundi
Shukrani sana, nimeelewa kosa letu. Swali moja limebaki: tutafuma kwa zamu, watu wanne. Mikono ikitofautiana itakuwaje?

MtandeKwanza
Itaonekana, hasa kwenye mshono wa katikati. Mwenye mkono mzito ataweka mishindio 9 kwenye sm 2.5, mwepesi 6. Kata kipande cha kadi chenye alama kila sm 2.5 na kining'inie kitandani. Kila baada ya sm 10 mfumaji ahesabu, apate 28. Apime mtande ukiwa umelegezwa, kwa sababu ukikazwa kitambaa hurefuka.

Mshindio usitoke kwenye fungu moja mpaka liishe. Tumieni mafungu mawili ya watu tofauti, mishindio miwili ya hili, miwili ya lile, mpaka mwisho.

Anayemaliza zamu aache kwenye daftari tarehe, sm alizofika, na kikanyagio cha mwisho alichokanyaga. Kisha alegeze mtande. Ukiachwa umekazwa kwa siku kadhaa, sufu huchoka na nyuzi hulegea.

PotaPole
Na mkiogopa mshono, msipange mistari ya rangi ya kulala. Wekeni rangi kwenye mtande. Hapo tofauti ya sm moja kati ya vipande viwili haina wa kuiona.