Wamelipa deni siku chache kabla ya kesi ya kuwafilisi. Gharama zangu je?

FundiChapa: Wakuu, habari za jioni. Nachapisha maboksi ya kufungashia bidhaa. Kampuni moja ilichukua mzigo wangu mara tatu, na kila hati ya kupokelea mtunza stoo wao kaandika kwa mkono "vimepokelewa, hali nzuri", akagonga na muhuri. Malipo hakuna, miezi kumi na moja. Wakili akawapelekea notisi ya siku 21, zikaisha kimya, tukawasilisha ombi mahakamani kampuni ifilisiwe, yaani ifungwe na mali yake igawiwe wadai, na tangazo la ombi likatoka. Jana wameniingizia pesa za ankara tu. Ada ya mahakama, tangazo na wakili, hata senti. Kesi ni Jumatatu, na mkurugenzi anataka nisaini leo barua ya kuondoa ombi. Nisaini?

MamaHesabu: Usisaini, ndugu yangu! Ukiliondoa hivihivi, gharama utazibeba mwenyewe.

KaraniMstaafu: Nimekaa masijala ya mahakama miaka kumi na tisa. Gharama zisikunyime usingizi: deni halikupingwa, na siku unawasilisha ombi lilikuwa halijalipwa. Wakili aombe ombi lifutwe kwa amri kwamba kampuni ilipe gharama. Kwa kawaida hutolewa.

Ninachokihofia ni hizo pesa zenyewe. Ombi la kufilisi ni la wadai wote, wewe umetangulia tu mlangoni. Kwa sheria zilizofuata mkondo wa Uingereza, kampuni ikiamriwa kufilisiwa, ufilisi unahesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa, na utoaji wa mali ya kampuni baada ya hapo, pamoja na pesa ulizolipwa, ni batili mpaka mahakama iidhinishe. Tangazo limeshasomwa. Mdai mwingine anaweza kusimama Jumatatu akaomba ashike nafasi yako. Akifanikiwa na kampuni ikafilisiwa, mfilisi, yaani msimamizi wa kukusanya na kugawa mali yake, atakufuata urudishe, kisha upange foleni na wenzako. Nilimwona mwenye gereji amesimama dirishani kwangu na barua ya mfilisi mkononi, pesa ameshanunulia mashine. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama imekosewa jina.

Muulize wakili mambo mawili leo hii: wadai gani wengine wametoa notisi ya kuhudhuria kesi, na malipo yametoka akaunti ya nani. Kama mkurugenzi kalipa kwa pesa zake binafsi, hapo hakuna mali ya kampuni iliyotoka.

Mpambanaji: Mzee, na mimi nadai, ila wao wanasema mzigo ulifika umelowa. Naweza kutumia njia hii?

KaraniMstaafu: Hapana, kijana. Kama wana hoja ya msingi ya kulipinga deni, ombi litatupwa na gharama utalipa wewe. Fungua kesi ya kawaida ya madai.

FundiChapa: Shikamoo mzee wangu. Wakili amenijibu sasa hivi: wadai wawili wametoa notisi ya kuhudhuria. Nimefungua taarifa ya benki, malipo yametoka akaunti ya kampuni. Barua sijasaini, na pesa sizigusi.