Wakuu, akiba ya dharura mnaweka chakula mnachokula au msichokula ili kisiguswe?

mtu_wa_sahare

Wakuu salaam. Wife kanicheka mpaka basi na mimi naona nina hoja, sasa naileta kwenu mniamulie.

Mnaikumbuka Mei 2024 ile tahadhari ya Kimbunga Hidaya, TMA (wale wa hali ya hewa) wanatoa taarifa kila saa, boti za Unguja zimesimama, pwani yote matumbo joto. Mimi nipo hapa Sahare, Tanga, nikatazama bahari nikatazama na bati langu lilivyochoka nikaona hapa bila kujipanga naumbuka. Usiku nikaingia YouTube nikakutana na Wamarekani wana stoo chini ya nyumba zimejaa makopo mpaka darini, mtu anasema anaweza kukaa mwaka mzima ndani hajatoka. Asubuhi nikaenda supamaketi na hela ya ada (niliirudisha msinishambulie) nikabeba maharage ya kopo yale ya rojo la nyanya makopo 24, oti kilo 6, na katoni la biskuti ngumu ambazo hata panya wa kwangu anazipita.

Sasa sikilizeni, sikukosea kuchagua, nilichagua makusudi vitu ambavyo nyumbani hatuli. Nina watoto wanne na shemeji yupo, nikiweka mchele kilo 25 nikasema huu wa dharura, wiki ya tatu unaambiwa "baba tulipungukiwa tukachota kidogo". Tambi ndo usiseme, Ijumaa moja zimekwisha. Nikasema kitu wasichokipenda kitakaa. Na kweli kimekaa! Hidaya ikaishiwa nguvu huko huko kusini, sisi tukaambulia mvua na upepo wa kawaida, makopo yakabaki chini ya kitanda.

Juzi nayatoa kumbe yamebakiza miezi minne tu. Nikafungua moja nikapasha nikawawekea na ugali, yule wa mwisho ana miaka sita akanusa, akaniangalia, akasema "baba hii si ya kupakia chipsi?" wote wakala ugali na pilipili ya kupikwa, maharage yakalala pale pale. Kama hawali leo wameshiba, siku ya njaa watakula? Na haya 23 nifanyeje?

babu_ngamiani

Mwanangu mimi nimekula nisichokipenda kwa lazima kwa hiyo nisikilize.

1974 kuingia 1975 mvua ilikataa, serikali ikaagiza mahindi nje na mengi yakatoka Marekani, yale ya njano. Sisi tumezoea sembe nyeupe. Watu wakaupa jina unga wa Yanga kwa ile rangi ya jezi. Nilikua darasa la tano. Maneno yalishazagaa kwamba huko kwao yanaliwa na ng'ombe, basi mama akishasonga tunakaa tunautazama ule ugali kama mgeni asiyejulikana katoka wapi. Bibi yangu Mungu amrehemu aligoma siku mbili, akawa anatafuna nazi na vipande vya makopa (mhogo mkavu) alivyokua kavichimbia kwenye uchaga juu ya jiko. Siku ya tatu akakata tonge, kageukia ukutani ili wajukuu tusimuone.

Kwa hiyo jibu la swali lako, watakula. Lakini ujue mtu mzima mwenye afya ndo njaa inamlazimisha. Mdogo wangu wa kike alikua na miaka mitatu, huo unga ulimsumbua tumbo na akishaukataa amekataa, mama alikua anazunguka mtaa kutafuta wa kubadilishana nae makopa. Akiba inapimwa kwa yule mdhaifu wa nyumba, sio kwa wewe.

Na hilo la kurundika nalo lina mambo yake. 1983 ule msako wa wahujumu uchumi watu walitupa vitu mitaroni usiku usiku, sabuni, sukari, vitenge, kwa kuogopa kuitwa walanguzi. Ungekutwa na maharage yako 24 ungejieleza.

damu_nyekundu

Yaani hata njaa ilipoingia nchini ilivaa jezi ya Yanga 😂😂 sisi Simba, mnyama, hatuna historia mbaya hiyo

babu_ngamiani

Na mliila hivyo hivyo.

mama_shufaa

Mimi kwanza namtetea mkeo, anacheka kwa haki.

Mtu wa Tanga unafundishwa kuweka akiba na YouTube kweli? Mama yangu Tongoni hajui neno dharura lakini kusi haijawahi kumkuta mikono mitupu. Kaskazi samaki wapo wengi, wanapasuliwa wanatiwa chumvi wanaanikwa, unapata ng'onda. Kusi ikianza kuvuma ngalawa hazitoki ovyo, sasa ndo ng'onda anashushwa, analowekwa usiku chumvi itoke, anaungwa nazi, analiwa na bada la moto, ule ugali wa mhogo. Hiyo ni akiba na ni chakula ambacho mtu akiwa Dar anakilia machozi. Na sisi wote tunajua kununua vitu vya futari Shaaban kabla bei hazijaota mbawa, tende, kunde, unga wa ngano, sukari. Huo si mpango? Tende peke yake kaka yangu, haipikwi, haiozi kirahisi, mtoto anakula mzee anakula.

Tatizo lako sio chakula, ni kufuli. Vya akiba mimi naviweka kwenye ndoo za lita 20 zenye mfuniko, juu nimebandika plasta nimeandika mwezi. Mchele mpya ukija unaingia ndooni, wa ndooni unatoka unapikwa. Hakuna kinachozeeka na hakuna kinachopungua, na anaechota bila kurudisha anamjua aliyemzaa. Shemeji yako mpe kazi ya kujaza hizo ndoo uone kama atachota tena.

Haya maharage yako, suuza lile rojo lote kwenye chujio maana lina sukari ndo linawachefua. Kaanga kitunguu, bizari kidogo, tia tui zito, mwisho maharage yenyewe maana yameshaiva, yakichemka sana yanapondeka. Usiwaambie ni ya kopo. Oti saga na karanga fanya uji, tia na hiliki.

fuso_la_handeni

Mnamuonea jamaa bure, mimi nasimama na makopo.

Oktoba 2019 zile mvua zilizobomoa madaraja huku Handeni, nilikua njiani na mzigo, barabara haipo, nyuma maji mbele maji. Kwenye gari nina magunia ya maharage na mchele wa watu, tani kadhaa. Nikalala njaa! Kuni zote zimelowa, mkaa hamna, jiko hamna, maji ni matope matupu. Utalitafuna harage kavu? Tuliokolewa na bibi mmoja alikua na biskuti na karanga za kuuza stendi, alituuzia kwa bei ile ile ya kila siku, mpaka leo nikipita namtafuta.

Hao wa ndoo za mchele nawauliza, gesi ikiisha siku ya pili na umeme umekatika mtaa mzima unapikia nini? Harage kavu linataka masaa mawili motoni. Kopo unafungua unakula na kijiko. Ila mkuu umenunua kopo la ladha mbaya, si makopo yote yako hivyo, nunua moja moja kwanza muonje nyumbani ndo uchukue katoni. Na maji umeweka? Maana naona watu wanahesabu maharage tu, mtambo ukizimika bomba linakauka siku hiyo hiyo.

mama_shufaa

@fuso_la_handeni hapo kwenye moto umenishika kweli. Ngoja nitafute na mtungi wa pili.

bwanashamba_muheza

Mmeongea vizuri ila wanaoweka mahindi na unga kwa joto hili la kwetu nisikilizeni, hii ndo kazi yangu.

Unga usiwe ndo akiba yako kubwa. Dona haina muda kabla haijachacha, kwa sababu imesagwa na kiini na kiini ndo chenye mafuta. Sembe inavumilia zaidi lakini nayo wadudu wanaingia. Weka mahindi mazima usage kidogo kidogo. Na yawe makavu kweli kweli, kama asilimia 13 ya unyevu hivi, la sivyo fangasi wanaota na kutoa sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kuosha. 2016 watu walikufa kule Dodoma na Manyara kwa hiyo kitu, kama 20 hivi, kwa mahindi ya kwao wenyewe ya ndani.

Kama huna kipimo tumia chumvi. Chupa ya kioo kavu, tia mahindi kama robo tatu ya kikombe kikubwa, chumvi kavu vijiko viwili vya chakula, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa hayajakauka, rudisha kwenye turubai. Ikidondoka yote chini weka. Hapa pwani hata chumvi yenyewe ianike kwanza maana inanyonya unyevu, watu wanajipima chumvi wanadhani wamepima mahindi.

Kisha mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Ukiifunga vizuri hewa haiingii, mdudu anakosa pumzi anakufa bila dawa. Dumuzi, yule wazee walimwita Scania, kaonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80 na mpaka leo ukimpa gunia la kawaida anakuachia vumbi.

Na babu kagusia vyakula vya njaa. Ndiga (kiazi cha porini) na mhogo mchungu vinaliwa, wazee walikua wanaviloweka siku kadhaa na kubadilisha maji. Wanaoumia ni wanaovipika mara ya kwanza siku ya njaa, wana haraka, wanaruka siku za kuloweka. Kule Mara miaka ya 80 watu walilemaa miguu kwa mhogo mchungu usioloweka vya kutosha. Kwa hiyo kama kitu hujawahi kukipika ukiwa umeshiba usikiweke.

mtu_wa_sahare

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Jana nimefuata ya mama_shufaa, nimesuuza makopo matatu, rojo limetoka jekundu kama rangi ya ukuta, nimeunga na tui, wife kajifanya hajui. Wamekula wakamaliza, yule mdogo akaomba na ya kulalia. Shemeji tu ndo aligundua maana aliona makopo kwenye ndoo ya taka, nimemhonga na soda.

Ila katika kuyatoa nikayakagua yote. Hewa ya bahari imeshafanya yake, mawili yameota kutu chini kwenye ule ukingo, moja limevimba mfuniko ukibonyeza linarudi. Hayo matatu nimeyachimbia mbali mbwa wasifukue. Yamebaki 17, naunga mara moja kwa wiki mpaka yaishe. Katoni jipya sinunui ila tende kilo 5 nimeshaagiza na madumu mawili ya maji nimejaza leo.

Biskuti ndo sijui. Babu zile hazina msaada, labda tukazitupie samaki.

fuso_la_handeni

Usizitupe, nitapita Jumamosi nazibeba.